Faji na bakteria wa kiwele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutofautisha nasaba

Ukurasa huu ni wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, maafisa mifugo na wanafunzi wa maabara. Unahusu ugonjwa wa kiwele, au mastaitisi kama wengi wanavyouita, na namna virusi vinavyoitwa faji vilivyotumika kumtambua bakteria hadi kwenye nasaba yake, yaani ukoo wake ndani ya spishi. Sehemu kubwa inamhusu bakteria mmoja, Staphylococcus aureus, ambaye hapa tutamwita stafilokoka. Ndiye anayewasumbua wafugaji muda mrefu kuliko wengine, na ndiye aliyepimwa zaidi kwa njia hii.

Maabara imeshaniambia ng'ombe wangu wana stafilokoka. Kwa nini nitake kujua zaidi ya hapo?

Kwa sababu hilo ni jina la spishi nzima, na ndani ya spishi hiyo mna nasaba nyingi. Tuseme una ng'ombe wanane na watano kati yao wana stafilokoka. Huenda ni nasaba moja inayotoka kiwele hadi kiwele wakati wa kukamua. Huenda pia kila ng'ombe alipata bakteria wake kivyake, mahali na wakati tofauti. Jibu la "stafilokoka" halikutofautishii mambo hayo mawili, na kila moja lina dawa yake bandani. Wapo wafugaji wanaotumia fedha nyingi kubadilisha sakafu na matandiko, kumbe ugonjwa unapita kwenye kitambaa cha kufutia viwele.

Sababu ya pili inahusu matibabu. Ng'ombe ametiwa dawa ya chuchu alipokaushwa, yaani alipoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, amezaa, na baada ya wiki chache stafilokoka anaonekana tena. Je, ni yule wa zamani ambaye dawa haikumfikia, au ni mwingine aliyeingia baada ya kuzaa? Kama ni wa zamani, ng'ombe huyo hakupona, na kurudia dawa ileile ni kupoteza fedha. Kama ni mpya, dawa ilifanya kazi yake, na tatizo liko kwenye ukamuaji. Bila kujua nasaba, mtaalamu anabaki kukisia.

Faji ni nini hasa?

Ni kirusi kinachoshambulia bakteria peke yake. Jina kamili ni bakteriofaji. Kinajishika kwenye ukuta wa bakteria, kinaingiza DNA yake ndani, kinazaana humo, kisha bakteria anapasuka na faji wapya wanatoka. Hakiwezi kuzaana ndani ya seli ya ng'ombe wala ya mtu.

Historia yake ina uhusiano wa karibu na ng'ombe. Mwaka 1915 Frederick Twort, aliyekuwa akiongoza kituo cha utafiti wa magonjwa ya wanyama jijini London, alikuwa akijaribu kukuza kirusi cha chanjo ya ndui, chanjo ambayo wakati huo ilitengenezwa kwenye ngozi ya ndama. Kirusi hakikuota, lakini bakteria wa jamii ya stafilokoka waliokuwemo kwenye chanjo hiyo waliota. Baadhi ya makundi yao yakaanza kugeuka maangavu kama kioo na kufa. Miaka miwili baadaye, 1917, Félix d'Hérelle wa Institut Pasteur mjini Paris aliona jambo hilohilo kwa bakteria wa kuhara damu, naye ndiye aliyewapa virusi hao jina lao.

Kwa nini faji mmoja aue nasaba hii na kuiacha ile, ilhali zote ni stafilokoka?

Bakteria ana vizuizi kadhaa, na kila nasaba ina mchanganyiko wake. Cha kwanza ni ukuta. Faji wa stafilokoka hushika asidi ya teikoiki iliyo kwenye ukuta huo, na umbo lake likibadilika, faji hana pa kushika. Cha pili ni vimeng'enya vinavyokata DNA ngeni mara inapoingia. Cha tatu kinashangaza zaidi: bakteria wengi wamebeba faji aliyelala ndani ya DNA yao, na huyo aliyelala humkinga mwenyeji wake dhidi ya faji wa jamii yake.

Ndiyo maana ukichukua faji wengi waliochaguliwa vizuri na kumjaribu bakteria kwa kila mmoja wao, orodha ya waliomuua inakuwa utambulisho wake. Faji anayeua karibu kila stafilokoka, kama yule aitwaye K, hana faida kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni faji wachaguzi.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Maziwa hupandwa kwanza kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye damu. Kundi linaloshukiwa kuwa stafilokoka huthibitishwa, kwa kawaida kwa kuangalia kama linagandisha plazima ya sungura, kisha hukuzwa peke yake kwa saa chache kwenye mchuzi wa lishe. Mchuzi huo humwagwa juu ya sahani ya agari iliyotiwa kloridi ya kalsiamu kidogo, kwa sababu faji wengi wa stafilokoka wanahitaji kalsiamu ili wamwingie bakteria. Majimaji yanayobaki hufyonzwa, na sahani huachwa wazi ikauke.

Nyuma ya sahani mtaalamu ameshachora vyumba vya mraba na kuviandika namba. Kila chumba hupata tone dogo la faji mmoja. Matone yakishakauka, sahani hufunikwa, hupinduliwa na kuwekwa kwenye nyuzijoto 30 usiku kucha.

Asubuhi sahani yote imefunikwa na utando wa bakteria, mweupe uliofifia. Ukiiinua mbele ya kitu cheusi na kuacha mwanga uingie kwa ubavu, unaona vyumba ambamo utando umetoweka kabisa na kuacha duara safi. Vingine vina vitundu kama vya sindano, kila kimoja kikiwa ni kazi iliyoanzwa na faji mmoja. Na vingine havina chochote: tone lilianguka, likakauka, bakteria akaota juu yake bila kujali. Mtaalamu huhesabu vitundu. Hamsini au zaidi huhesabiwa kuwa jibu lenye nguvu.

Jambo linaloamua kama jibu litaaminika ni kipimo cha faji kwenye tone. Wakiwa wengi mno, wanaweza kumuua bakteria kwa kumshambulia kutoka nje tu, hata kama hawawezi kuzaana ndani yake, na hapo utasoma uongo. Kwa hiyo kila faji huzimuliwa mara nyingi hadi kupata kiwango chepesi zaidi ambacho bado kinakaribia kusafisha duara zima kwa bakteria wake wa mfano. Hicho ndicho hutumika kila siku. Bakteria asiposhikwa na faji yeyote, kipimo hurudiwa kwa nguvu mara 100.

Namba kama 29/52/80 zina maana gani?

Ni majina ya faji waliomuua bakteria huyo kwa nguvu. Njia ya kutambua nasaba kwa faji ilipata umaarufu kwa bakteria wa homa ya matumbo, kwa kazi ya Craigie na Yen nchini Kanada mwaka 1938. Kwa stafilokoka ilifuata Fisk mwaka 1942, kisha Wilson na Atkinson nchini Uingereza mwaka 1945. Baadaye maabara za nchi nyingi zilikubaliana juu ya seti moja ya kimataifa ya faji 23, iliyogawanywa katika makundi. Kundi la I lina 29, 52, 52A, 79 na 80. Kundi la II lina 3A, 3C, 55 na 71. Kundi la III ndilo kubwa kuliko yote, kisha kuna la V na wachache walio pembeni.

Wengi hujikwaa kwenye kulinganisha. Bakteria wa ng'ombe mmoja akiandikwa 29/52 na wa ng'ombe mwingine 29/52/80, hatuna haki ya kusema ni nasaba mbili. Kanuni iliyotumika ni kwamba lazima tofauti ziwe mbili au zaidi, na ziwe zenye nguvu: faji amemuua huyu kabisa na hakumgusa yule. Tofauti moja inaweza kutokana na bahati ya siku hiyo, au na bakteria aliyepata faji aliyelala hivi karibuni. Lakini 29/52 ukiilinganisha na 3A/3C/55/71, hapo hakuna ubishi.

Seti ya faji wa hospitalini inafaa kwa bakteria wa ng'ombe?

Kwa sehemu tu. Seti ile ilichaguliwa kwa kuangalia bakteria waliotoka kwa watu, na nasaba nyingi za ng'ombe haziguswi na faji wake yeyote. Faji mmoja aliyejulikana mapema kuwa anazipata nasaba za ng'ombe ni 42D, ambaye zamani alikuwa na kundi lake mwenyewe, la IV. Watafiti wa mifugo wakaanza kutafuta faji zaidi, na mwaka 1972 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa pamoja wa maabara kadhaa kuhusu faji wa kupimia stafilokoka wa ng'ombe.

Kwa maoni yangu funzo hili linasahaulika upesi. Kipimo kilichotengenezwa kwa wagonjwa wa hospitali za Ulaya hakiwi kipimo cha banda la ng'ombe kwa kubadilishwa lebo. Hata leo, anayetaka kupima nasaba za ng'ombe wa Nyandarua au Njombe aanze kwa kukusanya bakteria wa hukohuko na kuona faji wake wanawashika kwa kiasi gani.

Nasaba moja imeonekana kwa ng'ombe wengi. Nifanye nini?

Angalia ukamuaji kabla ya kitu kingine chochote. Stafilokoka wa nasaba moja kwenye viwele vingi kwa kawaida amebebwa na kitu kinachogusa chuchu zote. Kwa wanaokamua kwa mikono, vitu hivyo vinajulikana: viganja vya mkamuaji, kitambaa kimoja kinachozungushwa kwa kundi zima, na kopo la mafuta ya kukamulia ambalo kila mara vidole vinarudi kuchota. Kopo hilo ningelitazama kwa makini sana. Mkamuaji anapaka chuchu yenye ugonjwa, anachovya tena, anahamia ng'ombe wa pili. Kwa wanaotumia mashine, angalia mipira ya vikombe vya kukamulia, hasa iliyochakaa na kupasuka.

Mpangilio wa kukamua unasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Anza na mitamba waliozaa mara ya kwanza, fuata ng'ombe walio wazima, wenye stafilokoka wawe wa mwisho. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake, kifuliwe na kukaushwa juani. Baada ya kukamua, zamisha kila chuchu kwenye dawa, ya iodini kwa mfano, kisha mpe ng'ombe chakula ili abaki amesimama wakati tundu la chuchu linajifunga. Mafuta chota kiasi cha ng'ombe mmoja kwa kijiko kisafi, uweke pembeni, na usirudishe vidole kwenye kopo.

Mengi ya haya yalithibitishwa nchini Uingereza miaka ya 1960 na watafiti wa taasisi ya maziwa iliyokuwa karibu na Reading. Mpango wao ulikuwa na mambo matano: kuzamisha chuchu, kutia dawa ng'ombe wote wanapokaushwa, kutibu mapema wanaoumwa, kuwaondoa sugu, na kutunza mashine. Siku hizi hilo la kuwatia dawa wote linaangaliwa upya kwa sababu ya usugu wa dawa, hivyo shauriana na daktari wa mifugo kuhusu nani hasa atiwe.

Kuhusu ng'ombe sugu, nasema wazi: usimuuzie jirani kama ng'ombe wa kukamua bila kumwambia. Utakuwa umempelekea nasaba hiyo bandani kwake.

Na nasaba zikiwa tofauti kwa kila ng'ombe?

Basi ukamuaji huenda siyo njia kuu, ingawa usafi wake hauachwi. Chunguza ng'ombe walionunuliwa hivi karibuni na walikotoka. Chunguza majeraha na mipasuko kwenye chuchu, ambamo stafilokoka hupenda kukaa. Chunguza nzi wanaouma ncha za chuchu za mitamba, pamoja na tabia ya kuwanyweshea ndama maziwa ya ng'ombe mgonjwa kisha kuwaacha wanyonyane.

Jihadhari na kosa moja la kufikiri. Kuna nasaba zinazoenea eneo zima. Kuikuta nasaba ileile kwako na kwa jirani si ushahidi kwamba alikuambukiza. Huenda mngeikuta pia kwa wafugaji wengine ishirini ambao ng'ombe wao hawajapimwa.

Kipimo hiki kinaweza kuniambia dawa gani itafanya kazi?

Hapana. Hicho ni kipimo kingine, cha vidonge vya dawa kwenye agari. Omba vyote viwili.

Njia hii inafaa kwa E. coli na bakteria wengine wa kiwele?

Faji wa kutofautisha nasaba wametengenezwa kwa bakteria wengi, wakiwemo streptokoka. Lakini E. coli wa kiwele hutoka kwenye kinyesi na matandiko, na kila ugonjwa kwa kawaida huwa na nasaba yake, kwa hiyo kujua nasaba hakubadilishi sana ushauri: kausha na safisha banda.

Brusela, bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba, ni habari nyingine, na inawagusa wanywaji wa maziwa mabichi. Hapo faji hutumika kutofautisha spishi. Faji aliyepewa jina la mji wa Tbilisi, Georgia, huwaua Brucella abortus wa ng'ombe kwenye kiwango cha kawaida, lakini hawaui Brucella melitensis ambao hasa ni wa mbuzi na kondoo. Mfugaji anayechanganya ng'ombe na mbuzi anaona mara moja kwa nini jibu hilo lina thamani.

Bado inatumika siku hizi?

Kwa stafilokoka, maabara nyingi zimeiacha. Sababu kubwa ni kazi ya kuwatunza faji wenyewe. Kila mmoja ana bakteria wake wa kumkuzia, lazima apimwe nguvu na kuhakikiwa mara kwa mara, na maabara mbili zenye mikono tofauti huweza kusoma sahani tofauti. Halafu kuna wale bakteria wasioshikwa na faji yeyote. Njia za DNA zikachukua nafasi: kwanza kuipasua DNA na kuitenganisha vipande kwa umeme, kisha kusoma jeni saba za msingi, njia iliyotangazwa kwa stafilokoka mwaka 2000, na sasa kusoma DNA nzima.

Njia hizi mpya zimethibitisha jambo ambalo faji walikuwa wameshalionyesha: ng'ombe wana nasaba zao, kama zile zinazoitwa CC97 na CC151, ambazo kwa kiasi kikubwa si zile za watu. Hata hivyo bado naipenda sahani ya faji kwa kufundishia. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba bakteria wawili wanaofanana kabisa kwenye agari yenye damu si wamoja.

Faji waliomuua bakteria kwenye sahani si wangemuua kwenye kiwele pia?

Limejaribiwa. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio la kutia faji K kwenye viwele vya ng'ombe wenye stafilokoka waliojificha. Robo za kiwele (kila chuchu na sehemu yake) zilizopona zilikuwa 3 kati ya 18, na kwa zilizotiwa maji ya chumvi hakuna iliyopona kati ya 20. Ni dalili, si tiba. Sababu mojawapo ni maziwa yenyewe: protini za maji ya maziwa mabichi humfunika bakteria na kumzuia faji asimshike. Pia stafilokoka hujificha ndani ya seli na kwenye vijipu vidogo vya tishu. Kwa hiyo anayekuuzia "dawa ya faji" ya kiwele muulize imejaribiwa kwa ng'ombe wangapi, na lini.

Faji wakiwemo kwenye maziwa wana madhara?

Kwa mnywaji, hapana. Kwa anayetengeneza jibini au mtindi kwa kimea, yaani mbegu ya bakteria wa kugandisha, ndiyo, kwa sababu kuna faji wanaoua bakteria wa kugandisha. Maziwa hukaa saa nyingi bila kuganda, na mtengenezaji hulaumu kimea au joto. Hao ni faji wengine, si hawa wa stafilokoka.

Stafilokoka wa ng'ombe anaweza kumpata mtu, na wa mtu akampata ng'ombe?

Kuvuka hutokea, japo si kila siku. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya Uingereza kuhusu stafilokoka sugu kwa methisilini (dawa ya jamii ya penisilini) aliyepatikana kwenye maziwa ya ng'ombe, akiwa na jeni ya usugu ambayo vipimo vya kawaida vya wakati huo havikuiona, na bakteria wa aina hiyo walikutwa pia kwa watu. Mkamuaji mwenye jipu au kidonda mkononi asikamue hadi apone. Hilo ni kwa faida ya pande zote mbili.

Na kumbuka: kuchemsha maziwa kunamuua stafilokoka, lakini sumu aliyokwisha kuitoa haiharibiki kwa kuchemshwa. Maziwa ya kiwele kilichovimba yasichanganywe na mengine.

Nichukueje sampuli, na niombe nini maabara?

Tumia kwanza kipimo cha sahani yenye vikombe vinne, kilichoanza California mwaka 1957, ili ujue ni robo ipi yenye tatizo. Osha na kaukisha kiwele. Futa ncha za chuchu kwa pamba yenye spiriti, ukianza na chuchu za upande wa mbali. Kisha kamulia kwenye chupa ukianza na za upande wako, ili mkono usipite juu ya chuchu iliyokwisha kusafishwa. Michirizi ya kwanza itupe. Shika chupa kwa kuilaza, mfuniko usiuweke chini. Weka kwenye barafu na ipelekwe siku hiyohiyo.

Stafilokoka hatoki kila siku kwenye maziwa, kwa hiyo sampuli moja safi isikufanye umtangaze ng'ombe mzima. Rudia baada ya wiki moja au mbili.

Maabara, waombe wahifadhi bakteria waliowapata kwenye jokofu la kugandisha, kila mmoja na jina la ng'ombe, robo ya kiwele na tarehe, hata kama leo hawana uwezo wa kupima nasaba. Ng'ombe huyo akiumwa tena baada ya kuzaa, watakuwa na wa kumlinganisha naye, na kituo chenye vifaa vya DNA kinaweza kupelekewa wote wawili kwa pamoja.